Saa za mlinzi na hesabu ya kima cha chini

Serikali ilipotangaza, Oktoba 2025, kwamba kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi kingepanda kwa wastani wa asilimia 33.4, kutoka shilingi 275,060 hadi shilingi 358,322 kwa mwezi (ingawa tofauti ya tarakimu hizo mbili ni kama asilimia 30) kuanzia Januari 1, 2026, mjadala uliofuata hapa Dar es Salaam ulishika njia ile ile uliyopita mwaka 2013 na mwaka 2022. Wenye biashara waliuliza fedha hizo zitatoka wapi ilhali mauzo hayajaongezeka, na wafanyakazi wakauliza fedha hizo zinanunua nini kwa bei za sasa. Maswali yote mawili ni halali. Hata hivyo, nimeufuatilia mjadala huu muda mrefu kiasi cha kuamini kwamba tunabishania tarakimu na kuliacha pembeni jambo linaloamua kama tarakimu hiyo itamfikia mfanyakazi maskini, nalo ni saa anazofanya kazi, pamoja na swali la nani hasa anawajibika kuzilipa.

Neno "wastani" katika tangazo lile linastahili kutazamwa kwanza. Nchi yetu haina kima kimoja cha chini. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 imeweka bodi za mishahara za kisekta, na kila sekta hupewa kiwango chake. Katika amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, mfanyakazi wa taasisi ya fedha aliwekewa shilingi 592,000, wa biashara na viwanda 150,000, wa kilimo 140,000, na mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wake 60,000. Ukivichanganya viwango vya sekta zote unapata ile 275,060, ambayo haikuwa kima cha mfanyakazi yeyote kati ya hao. Karani wa benki huinua takwimu inayosomwa redioni, na mfagiaji wa ghala huambiwa na majirani kwamba sasa mambo yake yamenyooka. Nimewahi kumsikia mwenye nyumba akipandisha kodi ya chumba kwa hoja hiyo hiyo, kwamba Serikali imewaongeza mishahara.

Mtu aliyewekewa shilingi 150,000 ndiye tunayekutana naye zaidi jijini: yuko kaunta ya duka Kariakoo, yuko kwenye cherehani Mabibo, anapakia mizigo kwenye maghala ya Barabara ya Nyerere. Desemba 2023 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda hadi shilingi 600. Kwa nauli hiyo, anayepanda magari mawili kwenda kazini na mawili kurudi hutumia shilingi 2,400 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi hutumia 62,400. Mchango wake wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), asilimia 10, ni shilingi 15,000. Anabakiwa na shilingi 72,600 za chumba, chakula, maji, Luku, dawa na daftari za mtoto, sawa na shilingi 2,420 kwa kila siku ya mwezi. Juu ya hapo, mwenye nyumba wa Dar es Salaam hataki kodi ya mwezi. Anataka ya miezi sita, wakati mwingine ya mwaka mzima, na kwa mtu asiye na dhamana fedha ya namna hiyo hupatikana kwa wakopeshaji wa kausha damu, mikopo ya riba kali. Anayeishi hivi hununua mafuta ya kupima na unga wa kupima, na mwisho wa mwezi huwa amelipia lita moja kwa bei kubwa kuliko jirani yake aliyenunua dumu.

Amri ya mwaka 2013 ilimwekea mtu huyu shilingi 115,000, na kiwango hicho kilikaa miaka tisa na nusu bila kuguswa. Katika kipindi hicho bei kwa ujumla zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40, naye alipofikiwa, Januari 2023, aliongezewa asilimia 30. Alipewa karatasi yenye neno nyongeza wakati uwezo wake wa kununua ulikuwa umeshuka. Ndiyo maana naiunga mkono nyongeza ya Januari 2026 bila kusita: sehemu yake kubwa ni deni lililochelewa kulipwa. Tukichukulia kwamba angepata asilimia 33.4 kamili, mshahara wake ungefika kama shilingi 200,100, wakati kima cha chini cha mtumishi wa umma kilitoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Wafagiaji wawili wanaweza kukutana katika korido moja, mmoja akiwa ameajiriwa na Serikali na mwingine ameletwa na kampuni ya usafi, wakatenganishwa na karibu shilingi 300,000 kwa kazi ile ile ya fagio na deki.

Sasa niigeukie hoja ya waajiri, kwa sababu ni nzito, na historia ya nchi hii inaipa ushahidi. Dar es Salaam iliwekewa kima cha chini cha kisheria mwaka 1957, miaka kumi baada ya mgomo mkubwa wa vibarua wa bandarini wa Septemba 1947 uliosambaa kwa kufuata reli hadi bara. Baada ya Uhuru, Serikali ambayo viongozi wake wengine, Rashidi Kawawa akiwa mmojawapo, walikuwa wametoka katika vyama vya wafanyakazi, ilipandisha viwango kwa kasi. Kuanzia Januari 1963 kima cha Dar es Salaam kilikuwa shilingi 150 kwa mwezi. Ajira ya mshahara nchini, iliyokuwa zaidi ya watu 400,000 mwaka 1961, ilishuka hadi takribani 340,000 mwaka 1963, na wengi waliopoteza kazi walikuwa wa mashambani, hasa kwenye mkonge. Mwenye kutaka kusema kwamba kima cha chini hakijawahi kumfukuza mtu kazini Tanzania atakuwa anasema uongo.

Lakini inafaa kutazama namna kazi hizo zilivyopotea. Utaratibu wa zamani wa mashamba ulikuwa wa kipande: manamba (kibarua wa mkataba) alipewa kadi ya siku 30 za kazi na kulipwa akiimaliza, hata ikimchukua muda mrefu kuliko mwezi. Mshahara ulipopanda, wenye mashamba walianza kudai mahudhurio ya kila siku na kiasi kikubwa zaidi cha kazi kwa kila mtu, wakabaki na watu wachache wanaofanya zaidi. Kwa maneno mengine, mwajiri aliyetakiwa kulipa zaidi alikwenda kuitafuta fedha yake ndani ya siku ya mfanyakazi. Funzo hilo ni la manufaa kwetu leo kuliko ile takwimu ya waliopoteza kazi, kwa maana mkonge ulikuwa zao la kuuzwa nje kwa bei ambayo mwenye shamba hakuipanga, ilhali mlinzi, mfagiaji, muuza duka na mpishi wa Dar es Salaam wanatoa huduma ambayo haiwezi kuagizwa kutoka nchi nyingine. Wachumi David Card na Alan Krueger walipochunguza migahawa ya chakula cha haraka katika majimbo ya New Jersey na Pennsylvania, Marekani, baada ya New Jersey kupandisha kima chake mwaka 1992, hawakuona ajira ikipungua kama vitabu vilivyotabiri. Sisemi New Jersey ni Manzese. Nasema tu kwamba jibu hutegemea aina ya kazi na nguvu aliyonayo mwajiri ya kupanga mshahara peke yake, na katika jiji ambalo watu kumi husubiri nafasi moja, nguvu hiyo ni kubwa mno.

Mwajiri mdogo aliye rasmi ana malalamiko mengine ninayokubaliana naye. Kwa kila shilingi 100 ya mshahara anachangia shilingi 10 za hifadhi ya jamii, na akiwa na watumishi kumi au zaidi analipa pia tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo ilikuwa asilimia 6 ya mishahara kabla ya kushushwa hatua kwa hatua hadi asilimia 3.5 mwaka 2023. Jirani yake anayeajiri kwa mdomo halipi chochote kati ya hivyo. Kama Serikali inahofia ajira, ni halali kuombwa ipunguze zaidi tozo hiyo kabla ya kumwomba mfagiaji avumilie.

Kazi ya ulinzi inaonyesha hali ilivyo kuliko zote. Katika mtaa wetu, Kijitonyama, lindo hubadilishwa saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mlinzi wa jengo la jirani, mtu mzima kutoka Singida, hukaa hapo saa kumi na mbili kwa zamu, siku sita kwa wiki, na hawezi kutoka kwenda kula kwa kuwa hakuna wa kumshikia lindo. Nilimuuliza kama nyongeza imemfikia. Alinijibu kwa upole: "Mzee, hiyo asilimia nimeisikia redioni. Kwenye karatasi yangu haijafika." Kisha akanionyesha karatasi yenyewe, ambayo ina mshahara na makato, na haina mahali popote palipoandikwa saa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Zinazozidi ni za ziada, zinalipwa mara moja na nusu, na haziruhusiwi kuvuka 50 katika mzunguko wa wiki nne. Zamu za mlinzi wetu ni saa 72 kwa wiki. Saa zake za ziada katika wiki nne ni 108, zaidi ya mara mbili ya kikomo. Chini ya amri ya 2022, kima cha mlinzi wa kampuni ndogo kilikuwa shilingi 148,000 kwa mwezi, ambacho ukikigawanya kwa takribani saa 195 za kisheria unapata shilingi 759 kwa saa. Ukigawanya mshahara huo huo kwa saa 312 ambazo mtu wa zamu hizi hukaa lindoni, unapata shilingi 474. Na kama saa zake 117 za ziada kwa mwezi zingelipwa kama sheria inavyosema, hata tukiiacha kando ile nyongeza ndogo ya kazi za usiku, alipaswa kuondoka na takribani shilingi 281,000. Yaani, katika kiwango cha zamani, kabla Serikali haijatangaza lolote, sheria iliyopo ilikuwa imeshampa nyongeza ya asilimia 90, na hakuna aliyemlipa.

Hesabu hii inabadilisha pia mjadala wa ajira. Lindo moja lisilolala lina saa 168 kwa wiki. Likishikwa kwa zamu za saa 72, linahitaji walinzi wawili na wa kupokezana mara chache. Likishikwa kwa saa 45, linahitaji karibu wanne. Wanaosema kwamba kumlipa mlinzi vizuri kutawanyima wengine kazi wanasahau kwamba kumfanyisha kazi ya watu wawili kumekwisha kuwanyima. Najua gharama lazima imwangukie mtu, nami sioni aibu kusema imwangukie nani: mwenye jengo, benki, hospitali, hoteli na taasisi ya umma inayonunua ulinzi au usafi kwa mkataba. Mteja anayesaini mkataba wa lindo la saa 24 kwa bei isiyotosha hata mishahara ya kisheria ya watu wanne anajua, au angejua kwa dakika tano za kikokotoo, kwamba tofauti inalipwa na mlinzi. Sheria ingemfanya mteja huyo awajibike pamoja na kampuni kwa mshahara usiolipwa, zabuni za namna hiyo zingekoma, na maafisa kazi wachache tulionao wangeanza ukaguzi wao kwenye mikataba badala ya kuzunguka lindo kwa lindo usiku.

Wapo ambao hata karatasi ya mshahara hawana. Alfajiri, nje ya mageti ya viwanda kuanzia Chang'ombe hadi Vingunguti, vijana husimama wakisubiri msimamizi atoke kuwahesabu. Waliohesabiwa ni vibarua wa siku. Waliobaki hurudi kutafuta saidia fundi au kupiga deiwaka kwenye daladala. Wengine wamehesabiwa kwenye geti hilo hilo kwa miaka mitatu. Kwa sheria hawa si watu wa pembeni: kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinasema mtu aliyefanya kazi kwa mwingine wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ni kifungu kizuri, na hakiko kwenye kinywa cha mtu yeyote pale getini. Amri za mishahara zenyewe hutoa kiwango cha saa, cha siku, cha wiki na cha mwezi, lakini kinachotangazwa ni cha mwezi peke yake, ambacho kwa kibarua hakina maana. Angetangaziwa kwamba siku moja ya kiwandani chini ya amri ya 2022 haikuweza kuwa chini ya takribani shilingi 5,770, angekuwa na kitu cha kukishika wakati msimamizi anapompa noti moja ya elfu tano.

Angekishika, lakini je, angekidai? Hapa ndipo sheria zetu zinapomwacha mkono. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumhusu aliye chini ya miezi sita kazini, na waajiri wanaotoa mikataba ya miezi mitatu mitatu wanalijua hilo vizuri. Anayedai malipo pungufu mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi anatakiwa kuwa amefungua mgogoro wake ndani ya siku 60, na akichelewa aombe kwanza ruhusa kwa kutoa sababu. Mfanyakazi maskini hamshitaki mwajiri wake akiwa bado anamtegemea kwa ugali wa jioni. Humshitaki akishaondoka, na wakati huo madai ya miaka miwili yameshapungua kuwa ya miezi miwili. Kama ningepewa nafasi ya kubadili jambo moja katika mfumo huu, nisingegusa kima chenyewe. Ningeurefusha muda wa kudai mshahara pungufu uwe miaka mitatu, na ningemtaka mwajiri, badala ya mfanyakazi, aonyeshe rejesta ya saa. Mwajiri asiye na rejesta aaminiwe kuwa hakulipa.

Kuhusu mama lishe mwenye mabinti wawili jikoni, au fundi seremala wa Buguruni mwenye kijana mmoja wa kumpigia randa, sitadai kwamba wanaweza kulipa kima cha sekta yao leo. Wengi hawawezi, na kuwapelekea afisa kazi kesho asubuhi kungezima jiko. Lakini hata huko kima hakiendi bure, kwa kuwa kijana wa randa hujipima kwa kile kinacholipwa kiwandani, na kiwanda kikilipa vizuri naye hupata pa kuanzia mazungumzo.

Limebaki kundi ambalo mwajiri wake ni sisi tunaosoma makala kama haya. Mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri alitoka shilingi 40,000 za mwaka 2013 hadi 60,000 za mwaka 2023, kiwango cha chini kuliko vyote katika amri, kwa maelezo kwamba anakula na kulala bure. Chakula na malazi vina thamani, sikatai. Lakini mfanyakazi wa nyumbani asiyelala kwa mwajiri aliwekewa 120,000, na hakuna chumba cha mtumishi ninachokijua, chenye mtungi wa gesi na magunia ya mkaa pembeni, kinachostahili kodi ya shilingi 60,000 kwa mwezi. Kinachouzwa hapo ni saa. Dada anayelala nyumbani huitwa wakati wowote, na kwa kuwa anaitwa mwanetu, hakuna anayeziandika.

Mwaka jana mimi na mke wangu tuliziandika kwa wiki moja. Dada wa kwetu aliamka saa kumi na moja alfajiri kuwaandaa watoto wa shule na kufunga milango saa nne usiku. Tukiondoa mapumziko, ilikuwa saa 13 kwa siku. Saa 45 za kisheria zilikuwa zimekwisha Alhamisi kabla ya chakula cha mchana, naye alikuwa bado na Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mbele yake. Tulikaa naye tukapanga upya. Sasa anamaliza saa kumi na mbili jioni, tunapumzishana mchana, Jumapili ni yake, na mama mmoja wa mtaa wa pili huja Jumatano na Jumamosi kufua kwa malipo ya siku. Saa za ziada za mwaka uliotangulia tumezikadiria pamoja naye, tukaziandika kwenye daftari lenye sahihi zetu watatu, na tunamlipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi; hesabu itafungwa Juni.